Bido ya Kukimbia

Watu wa avenyu yetu wananiuliza kwa nini nimeagiza gari ya umeme, na mimi nina majibu tayari, nimeyapanga kama dawa kwenye rafu. Anayependa hesabu ninamwambia esanse, yaani petroli, imepanda bei. Anayependa mashini ninamwambia ile esanse ya chupa za barabarani inachanganywa na kila uchafu, gari yangu ya zamani ilikuwa inakohoa kuliko wagonjwa wangu. Mama mmoja wa kwaya nilimwambia ni kwa ajili ya hewa safi ambayo Mungu ametupa bure. Alifurahi sana, akaniambia ataniombea. Wote wanatikisa kichwa, wananipongeza, wanaondoka.

Sababu hizo zote ni za kweli. Lakini hakuna hata moja iliyonifanya niuze gari yangu. Sababu yangu ni mke wangu. Tangu mwaka jana yuko Kibumba kwa mama yake, na siku aliyoondoka alisema hatarudi kwenye parseli yetu, kiwanja cha nyumba, kukiwa na hata tone moja la esanse. Basi. Gari ilikuwa njiani, mke wangu alikuwa Kibumba, na mimi nilikuwa hapa Goma peke yangu, nikingoja vyote viwili.

Mtanisamehe nikieleza kwa hasira. Mimi ni mtu wa hasira, hata wateja wangu wanajua. Nina famasi ndogo, na kila ninayemuuzia dawa ya tumbo ninamgombeza kwanza kwa kunywa maji ya ziwa bila kuchemsha. Wanarudi tu, kwa sababu dawa zangu si za bandia. Ila hasira ninayoisema hapa si ya wateja.

Asiyeishi Goma hawezi kuelewa jinsi sisi tunavyoegesha gari. Hapa mtu haingizi gari parselini kwa kichwa. Unaingia kinyumenyume, hata kama lango ni jembamba na umechoka, ili pua ya gari iangalie barabara. Hati za nyumba na diploma za watoto ziko ndani ya begi moja nyuma ya mlango. Na kila mwenye gari ana bido yake ya plastiki, ya njano, litri ishirini, imejaa esanse, kifuniko kimekazwa na kipande cha sashe, mfuko wa plastiki, chini yake ili isivuje. Hiyo haiguswi kwa safari ya kanisa wala ya sokoni. Sisi nyumbani tuliiita bido ya kukimbia. Ukiazima humo siku umebanwa, unarudisha kabla jua halijazama. Mlima wetu wa moto hauombi ruhusa ya kutapika, na watu wa bunduki pia hawapigi simu kwanza.

Sikuzaliwa na desturi hiyo. Niliipata kwa aibu.

Mlima ulipotapika mara ya mwisho, siku walipotuambia mji wote utoke, mimi nilikuwa na robo ya tanki. Robo! Nikaona inatosha, Sake si mbali. Niliweka ndani mke wangu, mama yangu mzazi, sufuria, magodoro juu, tukaingia barabarani. Goma nzima ilikuwa barabarani. Pikipiki, mbuzi, akina mama na mizigo kichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimepakia watoto kama viazi. Unasogea urefu wa gari moja, unasimama. Unazima, unawasha. Tulipofika karibu na Lac Vert gari ikatetemeka mara mbili, ikanyamaza. Nilipiga usukani kwa ngumi. Watu nyuma wakapiga honi, wakanitukana matusi ambayo mama yangu aliyasikia yote, wakaisukuma gari yangu pembeni kwenye mawe.

Mama yangu alikuwa mtu wa milima ya Masisi, alikuwa amelima na kuchunga maisha yake yote, lakini miguu ilikuwa imekwisha. Hakuwa anatembea hata kufika chooni bila kushikwa. Mke wangu aliteremka, akavua viatu, akafungua kitenge chake, akapiga magoti mbele ya mlango wa gari.

"Mama, panda mugongo," akamwambia.

Nikamwambia niache mimi nimbebe, mimi ni mtoto wake. Aliniangalia kutoka pale chini.

"Weye beba masufuria na aibu yako."

Alimbeba mama mkwe wake mgongoni kama mutoto muchanga, kitenge kimefungwa kifuani, katika ule umati, kwenye ile barabara. Magoti yalipomkataa ndipo aliponiachia, tukapokezana mpaka Sake. Tulifikia kwenye baraza ya kanisa. Akakaa chini, akanyoosha miguu iliyovimba hadi vidole havionekani, na mbele ya mama yangu akasema: "Apa mbele ya Mungu, gari yako isikose tena mafuta. Mimi sitatembea tena hivi." Nikaapa. Nilinyanyua mkono kabisa, kama mutu wa tribinali.

Mama yangu aliishi miaka mingine miwili, akafa vizuri, kitandani kwake. Mpaka mwisho aliwasimulia wageni kwamba siku ya mlima mukwe wake alimbeba yeye, na mwana wake alibeba masufuria. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, nifanye nini?

Tuliporudi mjini nilinunua bido siku hiyohiyo. Niliiweka kwenye depo, kile chumba kidogo kilichobanana na jiko. Kila mwezi niliipeleka kwenye gari, nikanunua mpya ili isizeeke. Baadaye ikaja vita, mji ukabadilisha mabwana, vituo vya mafuta vikafungwa, umeme na maji vikakatika siku nyingi mfululizo. Sisi hatukukimbia mara ile, hakukuwa na pa kukimbilia. Lakini mambo yalipotulia nikaongeza bido ya pili. Nilijiona mwanaume mwenye akili. Mke wangu aliziona zote mbili, hakusema kitu. Mimi nikaona amefurahi.

Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, mvua ile ya Goma inayopiga mabati hadi mnazungumza kwa ishara. Mke wangu alikuwa anapika maharage kwenye mbabula, makaa yamewaka vizuri, chini ya kibaraza cha jiko. Kesho yake tulikuwa na harusi Kibumba, nami nilitaka kumimina esanse kutoka bido kubwa kwenye kidumu kidogo ili nijaze gari. Nje kulikuwa na mvua. Maji yakiingia kwenye esanse, gari inaharibika. Basi nikakaa mlangoni mwa depo, hatua tatu kutoka mbabula, nikafungua kifuniko, nikaweka ile chupa ya plastiki iliyokatwa iwe kama faneli, nikaanza kumimina.

Mke wangu akapaza sauti juu ya mvua: "Papa, ngoja mvua ipite."

Nikamjibu: "Geuza maharage yako."

Hayo ndiyo maneno yangu. Mwanaume niliyesomea dawa, ninayesoma kila siku kwenye maboksi kwamba kitu hiki kisikaribie moto, nilimjibu mke wangu ageuze maharage yake.

Moto haukupiga kelele. Ulitoka kwenye mbabula ukatambaa sakafuni, wa buluu, mdogo, karibu wa kupendeza, ukaja moja kwa moja hadi miguuni kwangu. Niliganda. Nasema kweli, niliganda pale na bido mikononi. Yeye ndiye aliyeruka, akaninyang'anya, akaikumbatia ile bido inayowaka, akaitupa nje kwenye mvua. Nyumba ilipona. Mimi nilipoteza nyusi. Yeye aliungua mikono yote miwili, kifua na shingo upande wa kushoto.

Alilala hospitali wiki nyingi. Nilikuwa na dawa ya kuungua kwenye rafu, boksi zima, ninayowauzia watu na kuwaeleza namna ya kupaka. Nililibeba boksi zima hospitalini. Muguzi mmoja, mtu mzima, akaisoma, akaniambia kwa upole: "Papa, hii ni ya kidole kilichoguswa na sufuria." Akairudisha kwenye mfuko wangu.

Alipona. Yaani watu wanasema amepona. Ngozi ya shingo inamvuta, akitaka kuangalia kushoto anageuka mwili mzima. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana. Hakuwahi kunilaumu, na hapo ndipo palipokuwa pabaya, kwa sababu mimi lawama ninaiweza, ninajua kujibu. Lakini harufu ilimshinda. Pikipiki ikipita barabarani, anafunga dirisha. Nikirudi na gari, anaingia ndani kabla sijashuka. Suruali zangu alizifua mara mbili, mara tatu, anazinusa, anazirudisha majini. Siku moja nilimkuta anatapika nyuma ya nyumba kwa sababu tu nilimpa mkono nikitoka kufungua tanki. Ni wiki ileile aliyofunga nguo zake.

"Sikuachi," aliniambia pale langoni. "Siku mu hii parsele hakutakuwa hata tone moja, nitarudia. Weye unajua njia ya Kibumba."

Sasa mnaelewa kwa nini gari ya umeme. Niliuza ile ya zamani bila kubishana bei. Nilitoa bido zote. Nilisugua sakafu ya depo kwa sabuni na jivu mpaka sementi ikabadilika rangi. Kisha nikampata komisioneri mmoja, mtu anayeleta magari kutoka ng'ambo, nikaagiza gari ndogo, nyeupe, inayokula umeme peke yake. Kutembea bila gari sikuweza, dawa zangu ninazifuata mbali, na mlima bado uko palepale juu ya vichwa vyetu.

Kungoja ni kazi. Komisioneri alinitumia picha: hii ndiyo meli. Wiki inapita. Hii ndiyo bandari. Wiki mbili zinapita. Gari imezuiliwa, kuna karatasi inakosekana. Karatasi imepatikana, bosi wa muhuri amesafiri. Nilimgombeza kwenye simu mpaka akaacha kupokea, ikabidi nimtumie ujumbe wa kumwomba msamaha. Kila picha niliituma kwenye simu ya mama mkwe wangu, naye alikuwa anamwonyesha mke wangu. Jibu lilikuwa linakuja fupi. "Iko nyeupe?" Ndiyo, nyeupe. "Itapata vumbi." Mama, nitaiosha. Siku hizo nilikuwa naimba famasini. Wateja wakaniuliza kama nimeanza kunywa.

Nilimleta fundi wa umeme aweke priz, tundu la kuchajia gari, kwenye ukuta. Alitaka kupigilia chuma cha kushusha umeme ardhini, na hapa kwetu ardhi ni mawe ya mlima, nyundo inaruka inarudi. Alipiga siku tatu. Siku ya tatu akakaa juu ya jiwe akaniuliza kama sipendi tu farasi. Lakini alimaliza. Priz ikawa nzuri, ina kifuniko chake na taa ndogo ya kijani. Jioni nilikuwa nakaa kwenye kiti naiangalia.

Kisha akaja jirani yangu. Huyu anakaa ng'ambo ya barabara, mwalimu mustaafu, mutu mwenye mdomo kweli. Alisimama mbele ya ile priz, mikono nyuma, mbele ya watu wanne watano waliokuja kushangaa.

"Jirani," akasema, "siku mlima itatapika, utachaji na nini? Na moto ya mlima yenyewe?"

Watu wakacheka. Nikacheka.

"Hapana, minauliza kweli. Ile siku ya vita, tulikaa siku ngapi bila umeme? Uko na bibi mwenye mikono ya ugonjwa. Batu watakimbia, weye utabakia apa unangojea taa ya kijani."

Nikamwambia aende akafundishe wajukuu wake. Akaenda, akicheka. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa mizaha tu. Lakini lile neno liliniingia na halikutoka. Nikiwa famasini nahesabu vidonge, naiona barabara ya Sake. Naona gari nyeupe imesimama pale Lac Vert, imekwisha umeme, na mke wangu anavua viatu. Mikono ile haiwezi tena kumbeba mtu. Haiwezi hata kufunga kitenge vizuri. Nilikuwa nimeapa mbele ya mama yangu. Na mama yangu amekufa, siwezi kumwomba anifungulie kile kiapo.

Najua mnachofikiri. Ndiyo, nilinunua. Msiniangalie hivyo. Nilinunua jenereta ndogo, mashini ya kelele ya kuwasha umeme, na jenereta hiyo inakunywa esanse, kwa hiyo nilinunua na bido. Ya njano, litri ishirini. Niliweka sashe mbili chini ya kifuniko, nikaifunga ndani ya turubai la plastiki, nikafunga lile turubai kwa kamba, nikaviingiza vyote kwenye depo, palepale, kwa sababu parseli yetu haina chumba kingine chenye kufuli. Nikasimama nje nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena. Hakuna. Nilijiambia hiyo si esanse ya gari, ni ya siku ya mwisho tu, na labda siku hiyo haitafika. Nilijiambia nitamweleza akisharudi, akishatulia, akishazoea. Ujinga kama huo hakuna famasi inayouuzia dawa, hata yangu.

Alikuja Jumatano bila kutangaza. Alikuja juu ya lori ya kabichi, kwa sababu lori inakunywa mazuti, yaani dizeli, na mazuti haimtapishi, ni esanse tu. Nilikuwa nafagia. Nikasikia lango, nikamwona na gunia la viazi na kabichi mbili, kitambaa shingoni, majani ya kabichi kwenye nywele.

"Nimekuja kuona mahali gari itakulia," akasema.

Nilikuwa na maneno mengi tangu mwaka jana. Nikasema tu: "Karibu, Mama."

Hakuingia mara moja. Alisimama katikati ya parseli akafunga macho, akavuta hewa. Nilimwona anageuka polepole, mwili mzima, kwa sababu ya ile shingo, anavuta hewa kila upande. Kisha akafungua macho.

"Ni safi," akasema.

Na mimi nikanyamaza. Andikeni hilo pia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mlango wa nafasi ulikuwa wazi kabisa, nikanyamaza na ufagio wangu mkononi.

Nilimwonyesha priz. Aligusa kifuniko kwa ule mkono wenye vidole vilivyoshikana, akakifungua, akakifunga. "Haina kelele?" Haina. "Haina moshi?" Haina. "Na inakula siku nzima?" Masaa machache tu. Akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu ile Jumamosi, nilikuwa nimesahau kwamba anacheka na pua. Akasema Jumamosi ijayo atarudi na nguo zake, gari ifike ama isifike. Akasema, "Nimechoka na kabichi za mama." Niligeukia ukuta kidogo ili asinione machozi.

Kisha akasema nimekonda, akaingia jikoni.

Hakuwa amepika kwenye lile jiko tangu moto. Mimi nilikuwa napikia sebuleni, kwenye jiko dogo la umeme. Nilimsikia anavuta mbabula kutoka pembeni, anapuliza vumbi. Anaiweka palepale pa zamani, chini ya kibaraza, hatua tatu kutoka mlango wa depo. Nilimsikia anamwaga makaa. Nilisimama mlangoni na viazi mkononi, ninavimenya, namtazama. Aliweka vijiti, aliweka kipande cha karatasi. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa, kwa chini. Nilijiambia: bido imefungwa. Sashe mbili. Turubai. Kufuli. Haiwezi kutokea kitu. Kama ningebaki nimesimama hivyo na viazi vyangu, tungekula, angelala, Jumamosi angeleta nguo, na leo ningekuwa mtu mwingine.

Akachukua kiberiti. Vidole vilivyoshikana vinashika boksi vibaya, alijaribu mara mbili. Mara ya tatu njiti ikawaka.

"Zima!"

Sijui nilirukaje. Najua tu kwamba nilimpiga mkono, njiti ikaruka, na mguu wangu ukapiga mbabula ikapinduka, makaa yakatawanyika kibarazani, na mimi nikasimama katikati yake na mlango wa depo, mikono imenyooka, napumua kama mtu aliyekimbia toka Sake.

Kuku wa jirani walilia.

Aliniangalia mimi kwanza. Nafikiri aliona nimeshikwa na woga wa ile siku, kwa sababu uso wake ulianza kunihurumia. "Papa, ni kiberiti tu," akasema. Kisha akaona mikono yangu imeelekea wapi. Akaangalia mlango. Akaangalia kufuli, mpya, inang'aa.

"Iko wapi ufunguo?"

Nikampa. Ningefanya nini? Alifungua, akavuta turubai, akafungua kamba kwa meno kwa sababu vidole havikuweza. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Akaiona. Hakuigusa. Akaiona na jenereta pembeni yake.

Nilianza kueleza. Nilieleza yote, jirani, Lac Vert, umeme ukikatika, mikono yake, kiapo changu cha Sake, nikamwambia ni kwa ajili yake, haki ya Mungu ni kwa ajili yake, ili asitembee tena. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama, kitambaa juu ya pua. Hakutapika. Kama angetapika ningekuwa na kazi ya kufanya.

"Papa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa aksida."

Akafunga tena ule mlango, akaning'iniza kufuli mahali pake.

"Hii umenunua."

Aliacha viazi na kabichi. Alienda barabarani kungojea lori inayorudi tupu. Nilimfuata hadi kwenye kona, akaniomba nisisimame karibu naye, basi nikasimama mbali, na watu wote wa avenyu wakaniona nimesimama mbali na mke wangu kama mwizi anayemngojea.

Bido niliipeleka Kituku, pale ziwani, kesho yake, nimeifunga juu ya chukudu ya mtu, nikampa bure mwenye mtumbwi wa mota. Aliishika, akaitikisa, akaniuliza: "Papa, uliweka maji ndani?" Hakuamini kwamba kuna mtu anatoa esanse bure. Nilimtukana, akakubali. Jenereta niliiacha kanisani. Nimesugua tena depo. Sasa parseli haina hata tone. Ni kweli sasa, naweza kuapa, lakini kiapo changu kinamsaidia nani?

Nimepiga simu Kibumba. Mama mkwe ndiye anapokea. Nilimwambia, mama, nimeitoa, mwambie nimeitoa. Nilimsikia anaweka simu chini, anaenda, wanaongea Kinyarwanda kwa mbali, anarudi. "Mwanangu," akaniambia, "anasema amesikia."

Jumamosi ilipita. Nilikaa langoni tangu asubuhi, lori za kabichi zilipita nyingi tu.

Leo komisioneri ameamka mzima, amepiga simu mwenyewe kwamba imefika mpakani: "Papa, gari iko ku bariere, kuya na papiye." Kesho nitaenda kuichukua. Nitaiingiza kinyumenyume, pua iangalie barabara, sijui namna nyingine ya kuingiza gari. Jirani alinisikia nikiongea na simu, akavuka barabara mbio, amefurahi kwa ajili yangu kwa kweli, akanishika bega. "Aya, niambie sasa, mimi rafiki yako. Juu ya nini hasa ulikamata ya umeme?"

Nikamwambia esanse imepanda.